Tupime waya kabla ya kumlaumu mwanafunzi

Mnamo Desemba mwaka wa 2023, siku nne kabla ya Krismasi, nilimkemea mwanafunzi mbele ya kadamnasi kwa kosa ambalo, kama nilivyokuja kugundua usiku uo huo, lilikuwa langu mwenyewe. Ninaliandika jambo hilo leo si kwa nia ya kujitakasa. Naamini kwamba kosa la namna hiyo hutendeka kila siku katika madarasa yetu, nasi walimu tunapita tu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kanisa letu lilikuwa limenunua taa za mapambo katika maduka ya vifaa vya umeme ya barabara ya Luthuli, jijini Nairobi. Zilikuwa za aina inayoitwa pikseli. Hizi si zile taa za Krismasi tulizozizoea tangu utotoni, ambazo huwaka zote na kuzimika zote kwa pamoja. Kila taa katika mkufu wa pikseli ina chipu yake ndogo, na kisanduku kiitwacho kidhibiti huiamuru kila moja iwake rangi gani na kwa nguvu kiasi gani. Zetu zilikuwa taa 200, mikufu minne ya taa 50 kila mmoja, zimezungushwa langoni na kwenye ukingo wa paa. Kwa kuwa nimefundisha Fizikia miaka mingi, kamati ilinikabidhi kazi hiyo, nami nikawaita wanafunzi watatu waliokuwa likizoni waje wanisaidie.

Jioni ya kuzijaribu, waumini walikusanyika uani na watoto wao. Taa 100 za kwanza ziliwaka kama tulivyotaka: rangi ilianzia langoni ikapanda taratibu kama maji yanayojaa. Lakini taa 100 zilizofuata zilikuwa kama zimeshikwa na wazimu. Zilimetameta ovyo, nyekundu ikawa kijani pasi na amri ya mtu, nyingine zikazimika na kuwaka zipendavyo. Nusu hiyo ya pili ilikuwa imefungwa na kijana mmoja wa kidato cha tatu.

Mzee wa kamati aliuliza ni nani aliyefunga upande ule. Nikamtaja. Kisha nikamwambia kijana, wote wakisikia, kwamba uzembe wake umetuaibisha. Aliinamisha kichwa, akajibu maneno machache tu: "Nilifunga ulivyoniambia, Mwalimu." Mimi nikayachukulia maneno hayo kuwa ni ujeuri. Kamati nayo ikakata shauri kwamba kijana asiguse tena waya wowote, na kwamba fedha zitafutwe ili mikufu miwili mipya inunuliwe.

Watu walipotawanyika nilibaki peke yangu na ngazi, tochi, bisibisi na mita ya kupimia umeme. Hapo ndipo nilipofanya lile jambo ambalo ningalipaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa changu.

Kwanza nilizima umeme, nikaufungua mkufu mmoja wa nusu iliyorukwa na akili, nikaupeleka langoni na kuufunga mahali pa mkufu wa kwanza. Nilipowasha, mkufu ule uliokuwa na wazimu uliwaka vizuri bila dosari. Kile kizuri nilichokihamishia nyuma ndicho sasa kilichokuwa kikimetameta. Jaribio hilo halikunigharimu hata senti moja, nalo lilitosha kunionyesha kwamba taa hazikuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa ulikuwa mahali.

Ili msomaji aelewe ugonjwa huo, sharti nieleze jinsi taa hizi zinavyopashana habari. Kila mkufu una nyaya tatu: waya wa chanya na waya wa hasi, ambazo huleta umeme, na waya wa tatu, ambao hupitisha data. Kidhibiti hutuma mfululizo wa biti. Taa ya kwanza hujichukulia biti 24 za mwanzo, yaani 8 kwa rangi nyekundu, 8 kwa kijani na 8 kwa buluu, kisha huzipisha zilizosalia kwa taa ya pili. Ya pili nayo hufanya vivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari. Ni kama wanafunzi waliopanga foleni wakipitishiana madaftari: kila mmoja hubaki na la juu na kumpa mwenzake yaliyosalia. Biti hizo hupita kwa kasi ya 800,000 kwa sekunde, hata taa 200 humaliza kupewa maagizo kwa muda wa kama milisekunde 6.

Sasa, taa hutambuaje kwamba imetumiwa moja wala si sifuri? Hupima volti katika waya wa data. Lakini volti si kitu kinachosimama peke yake. Ni tofauti kati ya sehemu mbili. Taa hulinganisha waya wa data na waya wake wa hasi. Fikiria watu wawili wanaopima urefu wa ukuta mmoja, mmoja akiwa amesimama sakafuni na mwenzake juu ya meza. Hawawezi kupatana hadi wakubaliane wapi ni chini.

Hilo ndilo lililotupata. Taa zetu zilikuwa zikilishwa na vigeuzi viwili, yaani visanduku vinavyoupokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuutoa ukiwa volti 5. Kigeuzi cha kwanza kililisha kidhibiti na taa 100 za mwanzo. Cha pili kililisha taa 100 za mwisho. Umeme ukiwa umezimwa, niliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya kigeuzi cha kwanza na ya pili kwenye hasi ya kigeuzi cha pili. Mita haikulia. Hasi hizo mbili hazikuwa zimeunganishwa. Waya wa data ulikuwa umevuka kutoka nusu ya kwanza hadi ya pili peke yake, bila hasi ya kuufuata, na taa za upande wa pili zilikuwa zikisikia sauti bila kujua inatoka kimo gani. Nilichukua kipande cha waya, nikaziunganisha hasi mbili, nikawasha. Wazimu wote ukatulia papo hapo.

Na ni nani aliyeagiza hasi hizo zisiunganishwe? Ni mimi. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba nyaya za vigeuzi viwili zisiguseane hata kidogo. Kwa upande wa chanya nilikuwa na haki, maana chanya za vigeuzi mbalimbali hutenganishwa ili kimoja kisijaribu kukisukuma kingine. Kwa upande wa hasi nilikosea. Na linaloniuma zaidi ni kwamba kijana yule alikuwa ameniuliza. Alisema, "Samahani, Mwalimu, hata hasi?" Nikamjibu kwamba afuate alivyoambiwa. Swali moja la maneno machache, ambalo ndilo lililokuwa jibu, nililizima mwenyewe.

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda kwao. Nilimwomba radhi mbele ya wazazi wake, nikamwomba arudi kazini. Alirudi, na ni vyema alirudi, kwa sababu kasoro ya pili ilikuwa ikitusubiri.

Tulipoziamuru taa zote ziwe nyeupe, nusu ya kwanza ilikuwa nyeupe kweli, lakini nusu ya pili ilikuwa ya manjano, na kadiri ulivyokwenda mwisho wa mstari ndivyo ilivyozidi kuwa nyekundu. Safari hii sikusema kitu. Nilimpa kijana mita. Penye kigeuzi alipata volti 5 kamili. Mahali waya ulipoingia katika mkufu, mita tano kutoka hapo, alipata chini kidogo ya volti 4. Volti nzima ilikuwa imepotea njiani. Nikamwuliza imekwenda wapi.

Alikaa kimya kwa muda, kisha akaomba kalamu. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula takriban miliampea 60. Taa 100 hula ampea 6. Waya tuliotumia ulikuwa wa unene wa milimita 0.75 za mraba, ambao kila mita yake ina ukinzani wa takriban omu 0.023. Kwenda mita 5 na kurudi mita 5 ni mita 10, yaani omu 0.23. Akazidisha 6 kwa 0.23, akapata karibu 1.4. Volti 5 ukitoa 1.4 ni 3.6. Mita ilionyesha zaidi kidogo ya hapo kwa kuwa taa zikikosa volti za kutosha hupunguza ulaji wake. Na mwanga mweupe hugeuka mwekundu kwa sababu taa za LED za buluu na kijani huhitaji kama volti 3 ili ziwake, ilhali nyekundu hutosheka na kama 2. Umeme unapodhoofika, buluu hufifia kwanza na nyekundu husalia.

Kijana alinitazama akasema, "Mwalimu, kumbe waya nao ni rezista!" Alikuwa ameikariri kanuni ya Ohm. Alikuwa ameifanyia maswali mengi na kuyapata. Lakini katika kila swali tulilompa, nyaya zilichorwa kama mistari isiyo na ukinzani wowote, na upinzani wote ukawekwa ndani ya kile kisanduku kidogo kiitwacho rezista. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba duniani hakuna mistari ya namna hiyo. Tulileta waya mnene zaidi, tukapeleka umeme katika ncha zote mbili za nusu ya pili, na tukapunguza mwanga hadi thuluthi moja, ambao kwa macho ya mtu usiku ni mwingi wa kutosha. Weupe ukarudi.

Hapa nataka kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi kile ambacho taa hizi hutufunza, kwa kuwa kila ishara ina chanzo chake, na mwenye kuzisoma ishara hahangaiki kununua. Taa zikimetameta kuanzia ile ya kwanza kabisa, shuku data yenyewe: huenda waya wa data kutoka kwenye kidhibiti ni mrefu mno, au kidhibiti kinatoa volti 3.3 ilhali chipu nyingi za taa za volti 5 hutaka angalau 3.5 ili zitambue moja. Zikiwaka vyema hadi mahali fulani, kisha zote zinazofuata zikanyamaza, shuku taa ya mwisho iliyo nzima, ile ya kwanza iliyo mbovu, au kiungo kilicho kati yao. Zile nyingine nyuma yake hazina hatia, zimekosa tu wa kuzipelekea habari. Zikibadilika rangi kuelekea mwisho, shuku volti. Zikisumbua baada ya mvua tu, angalia maji katika viungo. Nusu moja ikishikwa na wazimu palipo na vigeuzi viwili, angalia hasi. Na kabla ya yote hayo, kumbuka kwamba upande wa kigeuzi unaopokea volti 240 unaua. Mwanafunzi asiufungue, kazi hiyo ni ya fundi aliyehitimu, na vigeuzi vikae pakavu. Hata upande wa volti 5, ampea nyingi zikipita katika waya mwembamba zinaweza kuwasha moto, hivyo fyuzi ni lazima.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mimi, mwalimu mwenye shahada, nililaumu kabla ya kupima. Jibu nililolipata halinifurahishi. Ni kwa sababu shule zetu hazifundishi kutafuta kasoro. Katika maabara tunawapa wanafunzi vifaa ambavyo tumekwisha kuvijaribu, ili matokeo yatoke kama yalivyo katika kitabu. Kifaa kikikataa, mwalimu hukiondoa haraka na kuleta kingine, na mwanafunzi huandika jibu linalotarajiwa. Katika karatasi ya majaribio ya mtihani wa Fizikia wa KCSE, mtahiniwa hupata alama kwa kusoma vipimo na kuchora grafu kutokana na vifaa vizima. Hajiulizi kwa nini kifaa hakifanyi kazi. Kwa njia hiyo tunamlea mtu anayejua kila kitu kuhusu vitu vizima, na asiyejua lolote kuhusu vibovu. Naye akitoka nje, vingi atakavyokutana navyo ni vibovu.

Wapo watakaosema kwamba taa za mapambo ni anasa, na kwamba shule zisizo na madawati ya kutosha hazipaswi kupoteza wakati juu ya mambo ya Krismasi. Nawaelewa. Lakini waende katika kijiji chochote chenye nyumba zinazotumia umeme wa jua wa volti 12. Watakuta taa ya jikoni imefifia kwa kuwa iko mwisho wa waya mwembamba na mrefu uliovutwa kutoka kwenye betri. Watamkuta mwenye nyumba ameshauriwa anunue betri mpya. Atauza kuku au mbuzi, atanunua betri, na taa itafifia vilevile, kwa sababu kasoro ilikuwa katika waya. Kipimo cha dakika mbili na hesabu ya mstari mmoja vingalimwokolea mali yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayo hesabu hiyo katika daftari lake. Tulichomnyima ni mazoea ya kuitumia.

Tusisahau kwamba Georg Simon Ohm, ambaye kanuni hiyo inaitwa kwa jina lake, alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Alifundisha hisabati na fizikia katika shule moja mjini Cologne, Ujerumani, akajiundia vifaa vyake mwenyewe, akapima nyaya za urefu na unene mbalimbali, na mwaka wa 1827 akachapisha aliyoyapata. Wengi hawakumjali wakati huo. Ilikuwa hadi mwaka wa 1841 ndipo chama cha wanasayansi cha Royal Society cha London kilipomtunuku nishani ya Copley. Kanuni tunayoikaririsha ilizaliwa na mtu aliyekuwa akipima waya. Ni ajabu kwamba sisi tunaifundisha kana kwamba waya haupo.

Maoni yangu basi ni haya. Kwanza, kila mwalimu wa sayansi ajiwekee sanduku la vifaa vibovu: redio iliyonyamaza, tochi isiyowaka, mkufu wa taa uliokatika. Mara moja kila wiki mbili kundi la wanafunzi lipewe kifaa kimoja na mita moja, lieleze kasoro iko wapi na limethibitishaje. Pili, alama zitolewe kwa hatua za uchunguzi, hata kama kifaa hakikupona. Mtaala wa umilisi unasifiwa kwa kumtaka mwanafunzi atende badala ya kukariri. Hapa pana nafasi ya kutenda isiyohitaji jengo jipya. Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, sisi walimu tukubali kuulizwa "hata hasi?" bila kuona kwamba cheo chetu kimeguswa.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo taa zile zilinifunza, na halimo katika Fizikia. Taa ya 150 ilipokuwa ikimetameta, sote tuliitazama hiyo na kuilaumu, pamoja na aliyeifunga. Hakuna aliyeuliza ni nini kilichoifikia. Tunao darasani wanafunzi wanaofifia, na wengine wanaowaka leo na kuzimika kesho. Tunawaita wazembe, tunawaandika hivyo katika ripoti za kufunga shule. Huenda baadhi yao ni wazembe kweli. Lakini mtoto aliyekuja bila kula, au aliyetembea saa mbili, au ambaye swali lake lilizimwa muhula uliopita, yuko mwisho wa waya mrefu. Kabla ya kuandika neno hilo katika ripoti, tutembee kwanza kuelekea nyuma, kipande kwa kipande, tukiuliza kilichopungua kimepungua wapi.

Jumapili ya mkesha wa Krismasi, kabla ya taa kuwashwa, niliomba nafasi ya kusema. Niliwaeleza waumini walewale, uani palepale, kwamba kosa la Alhamisi lilikuwa langu, na kwamba kijana alikuwa ameniuliza swali la haki nikamnyamazisha. Yule mzee wa kamati alimpa kijana mkono, akamwomba awashe yeye. Taa zote 200 ziliwaka. Fedha zilizokuwa zimeanza kuchangwa kwa ajili ya mikufu mipya zilinunua mita tatu za kupimia umeme, nazo ziko katika kabati la vijana hadi leo. Kijana ndiye aliyewafunza wenzake namna ya kuzitumia. Nami nilikaa nyuma ya darasa hilo, nikasikiliza.